Umri wa Kidani: Riale, Akiki na Tatizo la Tarehe katika Historia ya Usonara wa Fedha

Mwanahistoria anayechunguza pambo la kale hutafuta kwanza tarehe yake. Kwa mapambo ya fedha ya Omani na Pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, tarehe hiyo aghalabu hutafutwa katika madini au katika kito. Insha hii inadai kuwa vyote viwili hupotosha, na kwamba ushahidi wa kutegemewa zaidi umo katika kazi ya mkono iliyoviunganisha.

Malighafi muhimu ya masonara ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye uzito wa gramu 28 hivi, ambayo sehemu 833 kati ya 1000 zilikuwa fedha halisi. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, lakini sarafu hiyo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo hadi karne ya 20, katika miji kama Vienna, Roma, London na Bombay. Kwa hiyo, riale iliyoning'inizwa kidanini haithibitishi umri wa kidani. Ilipoyeyushwa, hata dalili hiyo dhaifu ilitoweka.

Kito nacho kina historia yake. Akiki nyingi zilitoka Khambhat, Gujarat, ambako mawe ghafi yalipashwa moto ili chuma kilichomo kiyape wekundu. Ushanga wa akiki umefukuliwa Kilwa na katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, katika matabaka yaliyotangulia riale kwa karne nyingi. Jiwe moja, basi, liliweza kuishi ndani ya mapambo kadhaa.

Mbinu ya upachikaji iliruhusu jambo hilo. Sonara alikata utepe mwembamba wa fedha, akauzungusha kwa kufuata umbo la kito, kisha akauunga kwa lehemu juu ya bamba. Kazi ya moto ilitangulia, kwa kuwa joto la ghafla huweza kupasua jiwe. Kito kiliingizwa mwisho, na ukingo wa utepe ukalazwa juu yake kwa shinikizo la mkono. Utepe ulipoinuliwa tena, jiwe lilitoka zima na fedha ikarudi kalibuni. Ndiyo maana pengo kati ya utepe na jiwe, mikwaruzo ukingoni na lehemu ya mara ya pili vinastahili kusomwa kama nyaraka.

Suala hili linavuka mipaka ya makumbusho. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni mali ya mke mwenyewe, na vidani na vikuku vilivyonunuliwa kwayo vilikuwa akiba yake. Kila pambo lililoyeyushwa lilifuta sehemu ya kumbukumbu ya mali hiyo. Mtafiti anayehesabu vilivyosalia pekee atahitimisha kimakosa kwamba wanawake wa vizazi vya awali walimiliki kidogo, ilhali huenda fedha yao ndiyo iliyofuliwa upya kuwa mapambo ya vizazi vilivyofuata.