Sehemu ya 4: Treni ilikuwa na stesheni, barabara yetu je?

Tunaendelea na historia ya njia zetu. Leo: kwa nini hapa Pongwe gari husimama popote?

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Pongwe tuliiona treni kabla ya Muheza (1896), na kabla sana ya Moshi (1911). Treni ina adabu yake: ina njia yake, inasimama stesheni, na abiria anaingoja hukohuko.

Barabara haikuja na adabu hiyo. Kiwanda cha saruji kilianza hapa 1980, malori yakaongezeka. Zikaja daladala, kisha bodaboda. Mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ngamiani kwenda stendi ya Kange, mjini kulipata nafuu. Lakini basi la Dar au Arusha bado linapita hapahapa kwetu, katikati ya watoto wa shule.

Sheria ipo tangu 1973, ile ya Usalama Barabarani. Kwenye makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na dereva asimame kumpisha anayevuka kwenye pundamilia. Sasa piga hesabu: kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akichomoza mbele ya lori lililoegeshwa pembeni, dereva anamwona akiwa ameshafika. Wodini huwa tunapokea matokeo tu. Chanzo ni pale lori lilipoegeshwa.

Kwa hiyo mama:
- Mkishuka, lisubirini gari liondoke kwanza ndipo mvuke. Mshike mtoto mkono, si begi.
- Bodaboda akuteremshe pembeni ya geti la zahanati, sio getini. Hapo ndipo anapopita mjamzito aliyezidiwa.

La mwisho ndilo kubwa. Sheria Na. 8 ya 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na maegesho yanaweza kuwemo. Hoja huanzia mkutano wa mtaa. Kina mama tukienda na ombi moja tu, malori yawe na sehemu yao, daladala kituo chao na bodaboda kijiwe chao mbali na kivuko, litaandikwa kwenye muhtasari. Tusipokwenda, watapanga wenye magari.

Mkutano ukitangazwa mtaani kwako, beba na mtoto mgongoni, twende.