Esi ya Shupaza na Mipaka ya Kuomba

Katika kadi, mchezo wa karata unaopendwa sana katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, Esi ndiyo karata ya kuomba. Mchezaji akiiteremsha hutaja aina anayoitaka, iwe kopa, uru, maua au shupaza, na anayefuata hana budi kuitoa au kuokota. Esi ya shupaza inahesabiwa kama Esi mbili. Mwenye nayo, katika meza nyingi, anaweza kutaja karata moja mahususi, kwa nambari na aina yake. Mabishano mengi ya kadi huzuka hapo.

Karata zilifika Afrika Mashariki zamani, na majina kopa, uru na shupaza ni urithi wa Wareno waliotawala pwani. Mchezo wa kadi, hata hivyo, ni wa ukoo wa karne ya 20. Jamaa zake ni Crazy Eights wa Marekani, Whot! uliobuniwa Uingereza miaka ya 1930, Uno uliotoka Ohio mwaka 1971, na matatu unaochezwa Uganda. Katika kila mmoja wao kuna karata iliyopewa ruhusa ya kuomba.

Eastlands ilikuwa mahali pa kufaa kwa mchezo usio na kitabu cha sheria. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940, Jericho ikafuata karibu na uhuru, kisha Buruburu, Umoja na Dandora miaka ya 1970. Kila mtaa ulipokea watu kutoka pembe tofauti za nchi, na katika ile ya zamani serikali ya kikoloni iliwapanga wafanyakazi wengi chumba kimoja, kitanda kwa kitanda. Watu wa namna hiyo wakikaa meza moja, kila mmoja huja na sheria za kwao. Ndiyo maana kadi haianzi kwa kugawa karata. Huanza kwa kukubaliana: Joka (joker) inaokotesha ngapi, Esi inazuia nini, nani haruhusiwi kumaliza na nini.

Uzito wa makubaliano hayo unaonekana mchezo ukikaribia mwisho. Mchezaji amebaki na Esi ya shupaza na saba ya maua. Anateremsha Esi, anatangaza “niko kadi”, yaani amekaribia kumaliza karata zake, kisha anaomba saba ya maua, karata ile ile aliyoishika. Pakiti moja ina saba ya maua moja tu, kwa hiyo hakuna mwingine anayeweza kuitoa. Wenzake wanaokota mmoja baada ya mwingine, zamu inarudi kwake, anamaliza. Kinachoweza kumzuia ni Esi nyingine pekee, ikiwa meza imekubali kwamba ombi linajibiwa kwa ombi.

Kuna meza zinazokataa hila hiyo kabisa na kuirudisha Esi ya shupaza kwenye kuomba aina tu. Nyingine huiachia nguvu zake lakini hudai “niko kadi” itangazwe raundi nzima kabla, ili wenzake wapate nafasi ya kujipanga. Wachezaji wakiwa wengi na pakiti mbili zikichanganywa, tatizo hupungua lenyewe, kwani saba ya maua ya pili huenda iko mkononi mwa jirani. Uamuzi wa pili ndio wa haki zaidi, kwa sababu hauifanyi karata kuwa dhaifu, bali humnyima mwenye nayo siri.

Tatizo hili la ombi lenye nguvu kupita kiasi limewasumbua wachezaji wa michezo mingine pia. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, uchawi wa kutamani humpa mchezaji karibu chochote anachotaja. Huko huamua msimamizi mmoja, na wasimamizi wengi hushika maneno ya ombi neno kwa neno ili kulipunguzia makali. Kadi haina msimamizi. Ubishi ukizuka katikati ya mchezo, hurejewa kilichosemwa kabla ya kugawa. Kama jambo halikutajwa, wakongwe wa meza husikilizwa na raundi mara nyingi huchezwa upya.

Siku hizi kadi imeingia kwenye programu za simu, ambazo hulazimika kuchagua sheria moja na kuishika. Vijana waliojifunzia huko huketi mezani wakiamini kwamba Esi ya shupaza inafanya kazi namna moja tu, na mazungumzo ya kabla ya kugawa yameanza kuwa marefu zaidi.