Nani Asome Jibu

Nilikuwa kidato cha pili nilipopimwa mimba kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimeomba. Tulikuwa tumerudi kutoka likizo ya Juni, masanduku yetu bado yako nje ya bweni, matroni akatuita kwa majina na kumpa kila mmoja kikombe cha plastiki. Tulipanga foleni kwenda chooni, tukarudi tumefunika vikombe kwa viganja, tukaviweka juu ya meza ndefu ya bwalo, kila kimoja juu ya karatasi yenye namba. Muuguzi alitumbukiza vijiti, akasubiri, akaandika kwenye daftari. Daftari likaenda ofisini kwa mkuu wa shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyeoneshwa kijiti chake. Jioni ile msichana wa kidato cha tatu aliitwa. Asubuhi tulikuta godoro lake limekunjwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kijiti kile kilibuniwa kwa kazi hiyo hasa: kumkamata mtu. Nilipoanza kusoma historia yake nikakuta habari nyingine kabisa. Binadamu wamehangaika zaidi ya miaka 3,000 kutafuta mimba ndani ya mkojo, na katika kila hatua limejirudia swali lile la bwaloni. Mkojo ni wa mwanamke. Jibu ni la nani?

Wamisri wa kale waliandika kipimo chao kwenye hati za mafunjo, mojawapo sasa iko Berlin. Mwanamke aliambiwa akojolee kila siku mbegu za ngano na za shayiri. Zikiota, atazaa. Shayiri ikitangulia, mtoto ni wa kiume. Ngano ikitangulia, wa kike. Ni rahisi kucheka. Lakini mwaka 1963 watafiti nchini Misri walijaribu jambo hilohilo maabara, wakaona kwamba mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu katika kiasi cha asilimia 70 ya majaribio, ilhali mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuotesha. Jinsia ya mtoto haikutabirika hata kidogo. Nilipenda jambo moja katika kipimo hicho: mbegu zilikuwa za mwanamke mwenyewe, nyumbani kwake, na macho yaliyozitazama yalikuwa yake.

Baadaye, huko Ulaya, kwa karne nyingi mkojo ulipelekwa kwa mabingwa waliouinua kwenye chupa mbele ya mwanga wakasoma rangi na utando wake. Walikuwa wakibahatisha. Wanawake wenyewe walitegemea dalili tunazozijua hadi leo: hedhi kutoonekana, matiti kuuma, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Dalili hizi ni za kweli, ila si za mimba peke yake. Kwetu, mtu mwenye kichefuchefu na uchovu huweza kufikiria malaria kabla ya kitu kingine. Na hedhi huchelewa kwa msongo wa mawazo, kwa maradhi, kwa kupungua sana uzito, au bila sababu inayoonekana.

Mlango ulifunguka Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waligundua kwamba mkojo wa mjamzito, ukidungwa kwenye panya jike ambaye hajapevuka, huviamsha vifuko vyake vya mayai kana kwamba amekuwa mkubwa ghafla. Walichokuwa wakikiona ni kazi ya homoni tunayoiita leo hCG. Yai lililorutubishwa likishajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, seli zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kuitengeneza. Huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Kujishikiza huko kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kurutubishwa, na kabla ya hapo hakuna cha kupima. Baada ya hapo kiwango huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Panya wa Berlin walituachia kanuni ambayo haijabadilika: ukiwahi mno, kipimo kitakwambia hapana hata kama jibu ni ndiyo.

Ili kusoma jibu ilibidi panya wauawe na kupasuliwa. Mwaka 1931 Maurice Friedman na Maxwell Lapham wa Marekani waliwabadilisha panya kwa sungura, jibu likapatikana haraka zaidi. Wamarekani wakazoea kusema "sungura amekufa" wakimaanisha kwamba fulani ana mimba. Kumbe sungura wote walikufa, mimba iwepo isiwepo, maana bila kumpasua hakuna aliyeweza kuona vifuko vya mayai. Wale madaktari wawili wa Berlin, wote Wayahudi, baadaye waliikimbia Ujerumani ya Wanazi.

Mnyama aliyefuata alitoka barani kwetu. Lancelot Hogben, mwanasayansi Mwingereza aliyefundisha Cape Town kuanzia mwaka 1927 hadi 1930, aliona kwamba chura mwenye kucha wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, hutaga mayai akidungwa dondoo ya tezi ya ubongoni. Miaka michache baadaye Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, hukohuko Cape Town, walionesha kwamba mkojo wa mjamzito humfanya chura huyo atage pia. Unamdunga sindano jioni. Asubuhi, mayai yakiwapo chini ya chombo, mimba ipo. Chura hafi. Anapumzishwa, kisha anatumiwa tena. Vyura wakasafirishwa kwa maelfu hadi hospitali na maabara za ng'ambo.

Nilijaribu kumfikiria mwanamke wa London wa miaka ya 1940 akisubiri neno kutoka kwa chura wa Afrika. Mara nyingi neno hilo halikumfikia moja kwa moja. Chupa ilitumwa maabara na daktari, na jibu lilirudi kwa daktari. Yeye ndiye aliyeamua kama kuna sababu ya kupima, na lini mwenye mwili aambiwe.

Mwaka 1960 Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden walichapisha kipimo kisichohitaji mnyama aliye hai. Walitumia kingamwili, yaani zile protini za kinga zinazokamata kitu kimoja maalumu, pamoja na chembe za damu, ndani ya bomba la kioo. Mambo yalikuwa yamebaki mezani, karibu kabisa na nyumbani. Mtu wa kuyavusha hakuwa daktari. Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji wa vifungashio mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akitembezwa katika maabara ya kampuni yake, Organon, huko New Jersey. Akaona safu za mabomba yamening'inizwa juu ya kioo cha kujitazamia. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni vipimo vya mimba: duara jekundu likionekana kwenye kioo, mimba ipo. Akajiuliza kwa nini mwanamke asifanye hivyo mwenyewe.

Alirudi mezani kwake, akatwaa kiboksi cha plastiki cha kuhifadhia vibanio vya karatasi, akakigeuza mfano: bomba, kidondoshi, kioo chini. Wakubwa wake walikataa. Waliogopa kuwaudhi madaktari, ambao ndio waliokuwa wateja wao. Hata walipokubali, waliwaita wabunifu wanaume walete michoro yao, na Crane akaweka kiboksi chake mezani pamoja na vyao. Kikachaguliwa chake. Hataza ikatoka kwa jina lake mwaka 1971. Akasaini kuiuza kwa dola moja, na mwenyewe amesema dola hiyo hakuipata. Kipimo, kwa jina la Predictor, kikaanza kuuzwa Kanada. Marekani kilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilihitaji saa mbili bila kutikiswa. Katika saa hizo mbili hakuna daktari aliyekuwamo chumbani.

Kijiti tunachokijua kilikuja mwaka 1988, kampuni ya Unilever ilipotoa Clearblue ya hatua moja. Mkojo hupanda kwenye utepe kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Njiani hukutana na kingamwili zenye rangi zinazoishika hCG, kisha mstari mwingine wa kingamwili huzinasa zilizoishika. Mbele yake kuna mstari wa udhibiti, unaothibitisha tu kwamba mkojo umepita. Usipotokea huo, kipimo kimeharibika na hakijasema lolote. Ndiyo maana chumvi, sukari na dawa ya meno, zinazosifiwa sana mitaani kwetu, haziwezi kazi hii. Povu la dawa ya meno linaweza kutokea kwa mkojo wa mtu yeyote, hata wa mwanamume. Hakuna ndani yake kitu kinachoitambua hCG.

Basi kifaa ambacho Crane alikipigania kiingie chooni kwa mwanamke, mimi nilikikuta bwaloni. Tanzania ilikuwa na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Shule nyingi zikapima wasichana, nyingine kwa vijiti, nyingine kwa kuminya matumbo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilisema kuwapima kwa lazima na kuwafukuza kulikiuka haki zao. Godoro lilikuwa limekunjwa siku nyingi.

Mara ya pili nilipima kwa hiari yangu, nikiwa na umri mkubwa kuliko wa Crane. Nilikinunua kipimo duka la dawa, nikakagua tarehe ya kuisha muda, nikajifungia. Nilikuwa na haraka: siku zangu zilikuwa hazijafika hata tarehe yake. Mstari mmoja. Nililala nikiamini.

Hedhi haikuja. Siku ya tano ya kuchelewa nilirudia, safari hii kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao haujazimuliwa na maji ya mchana. Nikasoma karatasi ya maelekezo yote. Nikaangalia saa, kwa sababu ukisoma baada ya muda ulioandikwa, mkojo uliokauka huweza kuacha alama ya kijivu inayodanganya. Dakika ya tatu mstari wa pili ulikuwepo, hafifu, lakini una rangi. Mstari hafifu wenye rangi, ndani ya muda wake, ni mstari. Nilijua pia kilichobaki: kijiti hakisemi mimba imetunga wapi, na maumivu makali ya upande mmoja, damu au kizunguzungu ni safari ya hospitali bila kungoja kesho. Miadi ya kliniki ningeipanga wiki hiyohiyo.

Nilikiweka kijiti ukingoni mwa sinki nikakaa sakafuni. Nilimkumbuka yule wa kidato cha tatu. Matroni alijua kabla yake, na muuguzi, na mkuu wa shule, na dereva aliyempeleka kituo cha basi. Mimi nilikaa na habari yangu siku tatu kabla ya kumwambia mtu. Sikuwa nikificha kitu.