Bima Kubwa, Bima Ndogo, na Lori la Marekani

Wazee wetu wana maneno mawili ya bima ya gari. Tanzania utasikia "bima kubwa" na "bima ndogo". Kenya wengi husema komprehensivu na thadi pati. Ndogo inamlipa mtu mwingine uliyemgonga, basi. Kubwa inalipa na gari lako pia. Mgawanyo huu tuliurithi: sheria ya Uingereza ya 1930 ililazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kumlipa mtu wa tatu, na Kenya na Tanganyika, zikiwa chini ya Waingereza, zikapata sheria za aina hiyo miaka ya 1940.

Sasa mtu mzima aliyezoea maneno hayo anafika Marekani, anapata leseni ya lori, ananunua kichwa chake mwenyewe, halafu anamwuliza wakala, "Hii ni bima kubwa?" Wakala anajibu ndiyo. Hapo ndipo shida inaanza, maana kwenye malori ya Marekani hakuna bima moja inayobeba kila kitu. Kuna vipande, na kila kipande kina historia yake.

Kipande cha kwanza kinatoka 1935. Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoyaweka malori yanayovuka majimbo chini ya tume ileile iliyokuwa ikisimamia reli. Ukitaka kubeba mzigo wa watu kwa malipo, ilibidi upate kibali, na ukitaka kibali, uoneshe bima ya kuwalipa watu utakaowaumiza barabarani. Kwa hiyo tangu mwanzo, bima ambayo serikali inaidai si ya kumlinda mwenye lori. Ni ya yule mwenye gari dogo aliye mbele yake.

Vibali vilikuwa adimu, kwa hiyo wenye lori moja wakawa wanajikodisha kwa kampuni zenye vibali. Ajali ikitokea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole: lori ni lako, kibali ni changu, nani alipe? Tume ikaandika kanuni za kukodisha, zikapingwa, na 1953 Mahakama Kuu ya Marekani ikazikubali. Mpaka leo, ukiendesha chini ya kibali cha kampuni, bima ya kampuni hukulinda ukiwa kwenye kazi yake. Lakini Jumapili, ukienda kanisani na kichwa bila tela, hauko kazini. Hapo unahitaji bima nyingine, ndogo, ya kwako mwenyewe. Wengi wanagundua hili wakiwa wameshagonga.

Kisha ikaja 1980. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua mlango wa biashara ya malori: vibali vikawa rahisi, bei zikaachiwa soko. Bila mlango huo, mgeni mwenye lori moja leo asingekuwa na kampuni yenye jina lake ubavuni. Lakini Bunge liliogopa kwamba kampuni mpya, zikigombania bei, zitabana matumizi kwenye breki na matairi. Dawa yao ikawa bima: weka kiwango cha juu, halafu kampuni za bima zenyewe zitawachuja madereva wabaya. Kwa lori la kukodi linalobeba mzigo wa kawaida, kiwango kikawa dola 750,000, kikianza kwa ukamilifu 1985. Kemikali hatari kwa wingi, dola milioni 5.

Sheria hiyohiyo ilileta karatasi ndogo iitwayo MCS-90, ambayo hubandikwa kwenye bima. Isome vizuri. Inasema kampuni ya bima itamlipa aliyeumizwa hata kama lori lililomgonga halikuandikwa kwenye bima. Inapendeza, si ndiyo? Lakini mstari mwingine unasema kampuni hiyo inaweza kukudai wewe pesa hizo zote. Yaani binamu akiliendesha lori la pili ambalo hukuliorodhesha, aliyeumia atalipwa, na deni linaweza kurudi nyumbani kwenu.

Vipande vilivyobaki vinaeleweka haraka. Bima ya lori lenyewe serikali haiidai. Benki iliyokukopesha ndiyo itaidai. Bima ya mzigo nayo, tangu 2011, serikali haiidai kwa mizigo ya kawaida, ila madalali wa mizigo hawatakupa kazi bila hiyo, na mara nyingi wanataka dola 100,000. Hao hao pia hutaka dola milioni 1 ya kuwalipa watu wengine, hata kama sheria inasema 750,000. Kwa hiyo anayechagua bima anajibu maswali matatu tofauti: sheria inataka nini, wanaonipa kazi wanataka nini, na nikianguka leo nitabaki na nini.

Na ile namba ya 1985? Haijaguswa. Kwa kupanda kwa bei tu, ingekuwa imepita dola milioni 2. Mwaka 2014 serikali ilianza kuuliza maoni kuhusu kuipandisha, 2017 ikaachana na mpango huo. Mwaka 2021 baraza la chini la Bunge lilipitisha dola milioni 2, lakini sheria iliyotoka mwishoni haikuwa nayo.

Wenye lori moja wanapinga kwa hoja ya kweli: bima tayari inawala, ikipanda wengi watafunga. Familia zilizopoteza mtu barabarani nazo zina hoja ya kweli: 750,000 inaisha hospitali kabla mgonjwa hajatoka. Sisi tuko pande zote mbili. Mjomba yuko kwenye lori, na shangazi yuko kwenye gari dogo mbele yake. Kabla hujachagua upande, soma kwanza karatasi ya mjomba, ukurasa kwa ukurasa, na umwulize kama magari yake yote yameandikwa humo.