Nyuma ya Paji la Uso

Mwaka 1977, Serikali ilipoanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya kijijini, Ugogo. Pamoja na watoto wadogo walikuja wavulana wakubwa waliokwisha kuchunga ng'ombe kwa miaka kadhaa. Mmoja wao simsahau. Nikimpa maagizo matatu, alitekeleza la kwanza, mawili yakampotea. Nilimwita mzembe, nikamchapa. Maagizo yakazidi kumpotea.

Jioni moja nilimkuta akirudisha kundi. Hakuhesabu; alitazama tu, kisha akageuka kurudi porini. Mtamba mmoja mwenye mabaka hakuwapo. Kijana huyo alilishika kundi zima kichwani. Niliyaona hayo kwa macho yangu, wala sikujiuliza kwa nini darasani alishindwa na maagizo matatu.

Jibu nimelipata uzeeni, katika elimu ya ubongo. Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo uliopenya shavuni ukatokea utosini. Alipona, akatembea na kusema, lakini daktari wake aliandika kwamba alikuwa mtu mwingine: alipanga mambo na kuyaacha, na hakuweza kujizuia. Leo tunajua kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ni nguzo ya stadi tatu: kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kujizuia, na kubadili njia hali inapobadilika. Sehemu hiyo hukomaa polepole, hata kufikia umri wa miaka ishirini na kitu. Hofu, njaa na kukosa usingizi huidhoofisha upesi. Kumbe fimbo yangu ilikuwa ikimnyang'anya mtoto kile kile nilichokuwa nikimdai!

Stadi hizo hukua kwa kutumiwa katika kazi yenye maana. Mtoto akizoezwa mafumbo matupu, huwa hodari wa mafumbo hayo, na faida yake aghalabu haifiki mbali.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo tunapoikumbuka historia yetu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, si kulilima tu. Shule nilizozifahamu zilibakiza jembe, zikaacha uamuzi. Mwalimu alipanga, mtoto akalima. Lakini anayeagizwa kila hatua hajizoezi kujiongoza.

Nilipokuja kuongoza chuo cha ualimu, niliwasihi walimu vijana waandike maagizo ubaoni, wayatoe machache machache, na kabla ya kazi wamwulize mwanafunzi: utaanza na nini, na utajuaje kama umekosea? Wakati huo nilifuata uzoefu tu. Sababu yake sikuijua.

Yule kijana hakumaliza darasa la saba. Siku hizi, ninapoketi barazani hapa Zuzu na ng'ombe wakipita jioni, huwatazama wachungaji wadogo wanavyolikagua kundi kwa jicho moja. Hapo humkumbuka yeye, na fimbo yangu.