Mnaso wa Nuru, Si Mtego wa Mwanga

Rasimu ya kamati ya istilahi za fizikia iliyonifikia hivi karibuni imeamua kwamba kunaswa kwa nuru katika viunzi vya metali vya kiwango cha nano kuitwe "mtego wa mwanga". Msomaji aijuaye plasmoni ataelewa kwa nini sikuweza kunyamaza.

Kwanza, jina hilo lina mwenyewe. Watafiti wa malaria hutundika mtego wa mwanga karibu na chandarua usiku: taa ndogo huwavuta mbu, feni huwafyonza hadi mfukoni. Hapo mwanga ni chambo. Katika viunzi vyetu, kama vile vya dhahabu, nuru ndiyo windo. Haiwezekani "wa" hiyohiyo ibebe maana mbili zinazopingana, tena ndani ya kamusi moja ya sayansi. Isitoshe, kwa watu wa pwani mwanga ni pia mchawi wa usiku. Nuru haina utata huo.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Kutega ni kuandaa. Unatega mtego, unatega sikio, unatega kitendawili, na katika yote hayo bado hujapata kitu. Mtego waweza kukaa msimu mzima mtupu. Kunasa ndilo tukio lenyewe. Tena kunasa kuna nasaba ambayo wanakamati hawakujishughulisha nayo: kama takata ilivyozaa takasa, ndivyo nata ilivyozaa nasa. Kinachonasa hukifanya kitu kinate. Tazama basi fizikia inavyokubaliana na sarufi. Nuru ikipita kwenye prizimu na kuifikia dhahabu yenye unene wa nanomita 50 hivi, kwa pembe inayofaa, elektroni huru za usoni mwa metali hutikisika kwa pamoja (mtikisiko huo ndio plasmoni), na nuru hairudi ilikotoka. Hunata usoni pale na kutambaa nao. Mwanafizikia Ritchie alibashiri mitikisiko hiyo mwaka 1957. Otto, na Kretschmann pamoja na Raether, wakaonyesha mwaka 1968 jinsi ya kuiamsha kwa prizimu. Sijui neno la Kiswahili linaloieleza hali hiyo kwa uaminifu kuliko kunasa, na tukio lake ni mnaso.

Wapo wanaopendelea "kifungo cha nuru". Kifungo ni muda, na plasmoni haidumu hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mhariri mwingine, ambaye ninamheshimu, ametetea "mnato wa nuru". Amekaribia, lakini mnato tayari una kazi: ndio tunaoupima katika asali na mafuta ya mashine, na mwanafunzi wa fizikia atachanganyikiwa.

Lugha yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia iliposema kinasa sauti. Chombo hicho hakiifungii sauti. Huipokea na kuhifadhi alama yake. Kihisi cha plasmoni nacho ni cha ukoo huo. Molekuli ikitua juu ya dhahabu, pembe au rangi ya mnaso huhama, na kuhama huko ndiko kunakosomwa. Kwa hiyo kiunzi chenyewe nakiita kinasanuru, wingi vinasanuru.

Niliyaandika haya yote na kuyawasilisha kwa kamati. Jibu lilikuwa sentensi moja: kunasa ni neno la wawinda ndege, halifai maabara. Nimelisoma kwa masikitiko, maana mtego nao umetoka kwa wawindaji haohao. Istilahi haikataliwi kwa sababu ya kuzaliwa porini. Hukataliwa inapopotosha maana, na hoja hiyo hakuna aliyeijibu.

Matumizi hayana ugumu. Mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria ni chembe za dhahabu za makumi ya nanomita. Mnaso wa nuru ya kijani ndio unaotuachia wekundu huo. Mwalimu atamke hivyo darasani, ataeleweka.

Naiomba kamati ilifungue upya jambo hili kabla rasimu haijapigwa chapa. Na wafasiri wa vitabu na miongozo ya maabara wasingoje: tukio ni mnaso wa nuru, kiunzi ni kinasanuru, na plasmoni ibaki plasmoni.