Mary Wollstonecraft na Hoja ya Akili

Hoja aliyoitetea Mary Wollstonecraft yaweza kuelezwa kwa maneno machache: mwanamke hakuumbwa dhaifu wa akili, bali hulelewa awe hivyo. Alizaliwa London mwaka 1759. Baba yake alitapanya urithi, na alipolewa alimpiga mkewe. Binti alijitia kati amkinge mama yake. Baadaye alifungua shule Newington Green, akawa mwalimu wa watoto wa kabaila mmoja wa Ireland, kisha akakata shauri kula kwa kalamu.

Kitabu chake kikubwa juu ya haki za mwanamke kilitoka mwaka 1792. Alikitabaruku kwa Talleyrand, ambaye mwaka uliotangulia aliwapendekezea wajumbe wa Ufaransa mpango wa elimu uliowarudisha wasichana nyumbani wangali wadogo.

Mfano wake ulio bora, kwa maoni yangu, ni ule wa maofisa wa jeshi. Hao nao, asema, huingia ulimwenguni kabla akili zao hazijakomaa. Huokota maarifa juu juu, hushughulikia mavazi, dansi na mizaha, na hutii bila ya kuuliza. Basi ikiwa malezi yale yale huzaa tabia zile zile kwa wanaume wenye panga viunoni, maumbile ya mwanamke yana hatia gani? Rousseau, aliyetaka Sophie wake afunzwe kumpendeza mume, alikwisha kufa. Lakini wanafunzi wake walikuwapo, na jibu la swali hilo halikuwa jepesi kwao.

Alitaka shule za serikali ambamo watoto wa miaka 5 hadi 9, wavulana kwa wasichana, matajiri kwa maskini, wangesoma pamoja. Baada ya umri huo waliokusudiwa kazi za mikono wangetengwa, na hapa, yafaa kusema, fikira yake ilikwama katika tabaka.

Alikufa tarehe 10 Septemba, 1797, siku 11 baada ya kumzaa Mary, mwandishi wa Frankenstein. Mumewe, William Godwin, alimpenda kwa ukweli usio na pazia: mwaka 1798 alichapisha habari za maisha yake, pamoja na mtoto aliyemzaa nje ya ndoa na majaribio mawili ya kujiua. Wapinzani walifurahi. Hoja wasiyoweza kuivunja waliiacha, wakavunja jina. Na kwa miaka mingi hata watetezi wengi wa wanawake walichelea kumtaja. Mwaka 1891 kitabu kilipochapishwa upya, aliyekiandikia utangulizi ni Millicent Fawcett, mpigania kura.